Uzi wa kodi za Nano, ESP, Pico na STM32: leta yako, lakini sema kwanza ni ya karte gani

fundi_ibanda (Bukavu)

Jambo bandugu. Nafungua huu uzi juu nimechoka kabisa. Wiki hii moja nimepokea kodi tatu ku telefone (kodi ni ile programu unaandika, karte ni ile elektroniki ndogo inaipokea, kama Nano). Ya kwanza ni picha, mutu amesimama mbele ya ordinateri akapiga foto ya ekra, mwangaza ya dirisha imekula mistari ya katikati. Ya pili ni fayili ya Word. Ya tatu ni kodi ya kweli, mistari mia tatu na kitu, lakini hakuna pahali ata pamoja panasema inaenda ku karte gani. Na wote watatu wamemaliza na maneno ile ile: "mukubwa, inakatala, nisaidie."

Inakatala ku nini? Ku Nano? Ku ESP? Ku ile Blue Pill, karte ya STM32, ulinunua bila kuuliza mutu?

Ile ya Word nilikopi nikaweka mu Arduino, ile programu ya kuandika kodi na kuituma ku karte, nikabonyeza, makosa 41, yote yanaimba wimbo moja: stray '\342' in program. Kama umeshaiona hii ukafikiri karte imekufa, hapana, karte haijaguswa bado. Ni Word imekamata zile alama za kufungia maneno zenye kunyooka ikaziweka zenye kupinda, juu kwake njo zinapendeza. Kompaila, ile inageuza kodi iwe lugha ya karte, haijue kupendeza. Telefone zingine nazo zinafanyaka vile vile ukiandika. Basi tuma fayili yenyewe ya .ino vile iko, usiipitishe mu Word, usiipige foto.

Sasa nieleze kwa nini naomba mutu aseme karte. Nilitengenezaka kodi ya mashini ya kuangua mayai, ya Nano, kapteri ya joto ni LM35. LM35 inatoa milivolti 10 kwa kila digrii. Nano inasoma volti 0 mpaka 5 na inakupa namba 0 mpaka 1023, kwa hiyo mstari yangu ilikuwa hii:

float joto = analogRead(A0) * 5.0 / 1023.0 * 100.0;

Ndugu moja wa Goma akaipeleka ku ESP32, akabadilisha namba ya pini tu, ikakompaili bila kosa ata moja. Hapo njo pabaya, juu kosa yenye kupiga kelele ni rafiki yako. ESP32 inasoma mpaka volti 3.3 hivi, namba inafika 4095. Asubuhi, sanduku iko digrii 22, kapteri inatoa volti 0.22, ESP32 inasoma karibu 273, kodi yangu inapiga hesabu ya Nano inapata digrii 133. Ampule zikakatala kuwaka. Na mashini iko na haki, mutu akiwa ndani ya digrii 133 utamuongezea moto ya nini? Jamaa akabadilisha relé mbili (zile swichi zinawasha ampule), akabadilisha ampule, akaniita muongo.

Kwa hiyo ombi yangu ni hii. Ukileta kodi hapa, juu kabisa andika ni ya karte gani, uliitumia na versio gani ya ile pakiti ya karte (ile inaongezwa mu Arduino ili iijue karte), librari gani (kodi za wengine unaazima) na versio yake, waya gani inaenda wapi, na volti. Andika vile ungeelezea mudogo wako ku meza. Mimi nitaanza kupanga zile zimefanya kazi kweli huku kwetu, kila moja na karte zake.

---

jiwe_nyeusi (Goma)

Hahaha ule muongo-muongo ni mimi bandugu. Mukubwa nilishakuombaka pole tangu zamani usinirudishe huko.

Lakini niongeze kitu, juu mimi njo nililipia ile somo. Ata ukirekebisha hesabu, LM35 yenyewe inataka volti 4 kupanda juu, ukiichomeka ku 3.3 ya ESP32 inakupa namba za ovyo. Na ADC ya ESP32, ile sehemu inasoma volti, huku chini kabisa karibu na sufuri haiko mwaminifu. Nikatupa LM35 nikaweka DS18B20, ile yenye waya tatu na rezistansi ya 4.7k kati ya data na volti. Ile haitoi volti ya kupimwa, inatuma namba yenyewe imeshakuwa digrii. Ku Nano ni 37.5, ku ESP ni 37.5, ku Pico ni 37.5. Tangu siku ile mimi kama kodi inaweza kutembea kutoka karte moja mpaka ingine natafuta kapteri ya namba, sipendi tena ya volti.

Na pini za ESP32 wandugu: 34 mpaka 39 zinasomaka tu, hazitoi, niliweka relé ku 35 nikakesha. 6 mpaka 11 usiguse, njo zinaongea na memori yake. Pini 12 ikiwa juu wakati karte inawaka, karte haiwaki. ADC2, ile ADC ya pili, na waifai hawakaagi nyumba moja, ukiwasha waifai ile analogRead inakufa. Nano hainaga hizi vituko, njo maana mutu akitoka Nano anadhani pini ni pini.

---

mvuvi_wa_volti (Kigoma)

Wakuu salaam kutoka ng'ambo ya ziwa jingine. Nimesoma kichwa cha uzi "leta kodi" nikajua TRA, watoza kodi wa huku, wamehamia Bukavu 😂 Huku kodi ni ya nyumba au ya serikali, nyie mnaileta wenyewe kwa hiari!

Haya nina swali la kweli. Nina pampu ya kumwagilia, nikibonyeza kitufe inatakiwa ikimbie sekunde 60 halafu izime. Kodi (yenu hiyo) nilipewa na jamaa mwenye ESP32, kwake inapiga mzigo. Mimi nimeweka kwenye Nano. Mezani nikiichomeka nikabonyeza, dakika moja kamili, safi. Nikipeleka shambani, nikibonyeza inawaka na kuzima papo hapo, kama inakonyeza. Nimebadilisha adapta, nimebadilisha relei. Mstari wenyewe huu:

int mwanzo = millis();
...
if (millis() - mwanzo > 60000) zima();

---

fundi_ibanda (Bukavu)

@mvuvi_wa_volti karibu kaka, huku kwetu ile ya serikali ni takse na ya nyumba tunalipa tu na machozi, kwa hiyo kodi imebaki huru.

Umeandika karte zote mbili na ukaleta mstari, tazama vile inafanya kazi kuwa rahisi. int ni sanduku ya kuwekea namba. Ya ESP32 ni biti 32. int ya Nano ni biti 16, inaishia 32767. millis() ni milisekunde tangu karte iliwaka, kwa hiyo sekunde 32 na kitu tu imeshajaa. Mezani unachomeka na unabonyeza hapo hapo, sekunde 32 hazijafika, inaenda muzuri. Shambani unachomeka, unatembea mpaka ku bomba, unaangalia mipira, kisha njo unabonyeza, tuseme sekunde 40. 40000 haingii mu int ya Nano, inageuka kuwa -25536. Ukitoa hasi ni kuongeza: 40000 na 25536 ni 65536, imeshapita 60000, pampu inazimika. Ata ukingoja sekunde 70 inakuja ile ile 65536, na ukingoja saa moja inakuja kubwa zaidi. Adapta haina zambi.

unsigned long mwanzo = millis();

Basi. Hii ni sanduku ya biti 32, inaenda ku karte zote. Na ile 60000 andika 60000UL, ni tabia nzuri tu.

---

mvuvi_wa_volti (Kigoma)

Nimebadilisha neno moja na imekubali. Adapta mbili nimenunua bure. Nilikuwa najaribu mezani mara ishirini nasema mbona iko sawa!! Asante sana mkuu.

---

mwana_katuba (Lubumbashi)

Jambo ba vye (wakubwa). Mi niko Lubumbashi, nilete yangu pia juu inaumiza batoto bengi ba shule huku. Balichukua kodi ya robo ya zamani, ya ESP32, iko na ledcSetup na ledcAttachPin za kuendesha moteri polepole. Kwa rafiki yao inaenda. Kwao inasema ledcSetup haijulikani. Karte ni ile ile, librari ile ile, ata kabo ni moja wanaazimana. Balikesha siku mbili.

Kumbe ule rafiki yuko na pakiti ya ESP32 versio 2, bao bametelesharje mupya, versio 3, yenye ilitoka 2024. Mule banatoa zile mbili banaweka moja:

ledcAttach(pini, 5000, 8);
ledcWrite(pini, 120);

Na ku ledcWrite sasa unaweka namba ya pini, haiko tena namba ya shaneli. Hii njo inakamata batu, juu ukirekebisha ya kwanza na ukaacha ile ya pili na shaneli 0, inakompaili muzuri kabisa na moteri inakuangalia tu. Taimeri nazo balizigeuza mu ile versio.

Kwa hiyo vye anaposema andika versio, haiko kujipa umukubwa. Mi nimehamia PlatformIO, programu ingine ya kuandikia kodi, juu ya hii tu, mule mu platformio.ini unafunga versio ya kila kitu, mwenzako akifungua anapata sawa sawa na yako. Lakini lazima intaneti siku ya kwanza, na hapo njo franga inatembea.

---

jiwe_nyeusi (Goma)

Ya intaneti niko na dawa. Pakiti ya ESP32 ni mega mingi sana, ukiitelesharje na telefone unaweza maliza forfait ya wiki ikakatikia ku nusu, na ikikatika inaanza upya. Mutu moja tu mu kikundi aitelesharje pahali pako waifai. Kisha aende mu AppData, Local, pale iko dosie inaitwa Arduino15 (imefichwa, lazima uwashe zile za kufichwa), kwa Linux ni .arduino15 mu nyumba yako. Akopi yote ku flashi. Pia ile ya Documents/Arduino/libraries. Wewe unaweka pahali pale pale ku ordinateri yako, unafungua Arduino, karte zote ziko ndani bila mega ata moja. Sisi huku tuko na flashi moja inazunguka Himbi, Katindo mpaka Birere, imechakaa mpaka kifuniko ilipotea, lakini wote tuko na versio moja. Bila kukusudia tumetatua shida ya mwana_katuba.

Muangalie virusi tu. Flashi zetu ziko na wanyama.

---

mama_vifaranga (Bagira)

Jambo benyi uzi. Mimi si fundi, mimi nafuga kuku, kijana wangu njo ameniandikia jina ya kuingia hapa. Nimesoma mambo ya mashini ya mayai nikasema acha na mimi niulize.

Kuna fundi alinitengenezeaka mashini. Kazi yake nzuri, sanduku nzuri, ekra inaandika joto na inaandika siku. Niliweka mayai 60. Siku ya kumi na sita usiku umeme ikaenda, nikafunika na blanketi, nikaweka bidon mbili za maji ya moto ndani, ikarudi asubuhi. Joto ikapanda sawa. Lakini ekra ikaandika SIKU 1. Nikasema labda ni ekra tu inachanganyikiwa, mashini yenyewe inajua. Kumbe haijue. Ilipaswa kuacha kugeuza mayai siku ya kumi na nane, yenyewe inajidhania iko siku ya pili, ikaendelea kugeuza tu, kila masaa mawili, na vitoto viko vinagonga ganda. Vilitoka 19. Vingine nilivikuta vimetoboa kidogo vikafia pale.

Fundi akaniambia ni umeme. Mimi najua ni umeme, mwanangu. Umeme ya hapa naijua kuliko yeye. Nauliza, mashini inaweza kukumbuka siku?

---

fundi_ibanda (Bukavu)

Mama, pole sana. Nilikaa na hii mesaji yako tangu jana.

Ngoja niulize: ekra ni ya mistari mbili, na wakati wa kuwaka inaandika KARIBU kisha inapiga tii mara mbili?

---

mama_vifaranga (Bagira)

Njo ile. Mara mbili.

---

fundi_ibanda (Bukavu)

Basi mama ile kodi ni yangu. Sanduku sikuifanya mimi, sijue fundi, lakini kodi ni yangu, niliiweka mu kikundi na ikatembea. Na juu yake niliandika karte, niliandika waya, niliandika librari, vyote mimi nalalamikia watu hapo juu. Sikuandika kwamba inahesabu siku hivi:

int siku = millis() / 86400000UL + 1;

millis() inahesabu tangu karte iliwaka. Umeme ikienda inaanza sufuri. Hii mstari niliitoa mu kodi ya mutu wa Ulaya, kwake haina shida juu kwake umeme haiendaka, na mimi niko Ibanda nikaikopi kama vile niko jirani yake. Mimi nilijaribu mashini mu atelie na batri nyuma yake, sikuona kitu.

Nimekaa jana usiku nikaitengeneza. Njia ziko mbili.

Ya bei ndogo: kila saa moja unaandika mu EEPROM, memori yenye haisahau umeme ikienda, ni saa ya ngapi. EEPROM ya Nano inabeba kuandikwa mara 100,000 hivi pahali pamoja. Siku 21 ni masaa 504, kwa hiyo ni karibu mashini 198 za mayai mbele ya kuichokesha, mama utakuwa umeshanunua shamba. Umeme ikirudi inasoma ilifika wapi. Ubaya wake: masaa umeme haikuwa haihesabiwi, ikikosekana usiku kumi unakuwa nyuma siku nzima na zaidi.

Ya pili njo nzuri: DS3231, saa yenye batri yake ndogo. Unaweka tarehe ya kuanza mu EEPROM mara moja tu, kisha mashini inauliza saa leo ni tarehe gani inatoa. Umeme ikae wiki haijalishi siku, mayai njo itajalisha. Ila zile DS3231 za buluu za bei ndogo ziko na sirkwi ya kuchaji batri, na watu wanaweka CR2032 yenye haichajiwi. Nyingine inavimba. Ondoa ile diodi ndogo ao rezistansi iko karibu nayo, ao weka LIR2032, ile yenye inachajiwa.

Na ile ya EEPROM haiko sawa ku karte zote, watu wa ESP wasije kunikamata tena:

#if defined(ARDUINO_ARCH_ESP32) || defined(ARDUINO_ARCH_ESP8266) || defined(ARDUINO_ARCH_RP2040)
  EEPROM.begin(64); // hizi (ESP na Pico) haziko na EEPROM ya kweli, zinaiga mu flash
#endif

na kila ukiandika, ku hizo hizo lazima EEPROM.commit(), bila ile unadhani umeandika na hakuna kitu. Ku Nano commit haiko kabisa, ukiiweka inakatala kukompaili.

Mama, nitakuja Bagira jumamosi kama unakubali, naleta DS3231, sitaki kitu.

---

mama_vifaranga (Bagira)

Karibu. Uje mbele ya saa sita, nyuma ya hapo niko soko. Na mimi siku hizi naandikaka tarehe ku ubao na mkaa, ile haiogopi umeme.

---

mwana_katuba (Lubumbashi)

Vye umeniumiza na ile "kama vile niko jirani yake". Mi niko na kodi tano za vile.

Tuongeze ku juu ya kila kodi: umeme ikienda na ikarudi, hii kitu inaamka namna gani? Relé inawaka ao inazimika? Juu moduli nyingi za relé ziko kinyume, LOW njo inawasha. Na mutu wa ESP32 akituma 3.3 ku moduli ya volti 5, zingine relé haziachi sawa sawa, taa yake inabaki inafifia. Pale unatoa ile jampa (kidaraja kidogo) ya JD-VCC, unaweka VCC ku 3.3 na JD-VCC ku 5, inatulia.

---

jiwe_nyeusi (Goma)

Naunga mkono. Na tuache kuweka namba za pini zimetawanyika mu kodi yote kama mbegu. Weka fayili moja, karte.h, mule tu njo mutu anagusa:

#if defined(ARDUINO_ARCH_AVR) // Nano
  #define PINI_AMPULE 7
  #define PINI_JOTO 2
#elif defined(ARDUINO_ARCH_ESP8266)
  #define PINI_AMPULE 14 // imeandikwa D5
  #define PINI_JOTO 12 // imeandikwa D6
#elif defined(ARDUINO_ARCH_ESP32)
  #define PINI_AMPULE 26
  #define PINI_JOTO 4
#elif defined(ARDUINO_ARCH_RP2040) // Pico
  #define PINI_AMPULE 15
  #define PINI_JOTO 16
#else
  #error "Karte hii hatuijue bado, andika ku uzi"
#endif

Ile ya mwisho naipenda sana. Kodi ikifika ku karte haijue inasema yenyewe, haijidai.

---

boot_zero (Lubumbashi)

Na sisi ba STM32 mumetusahau? Blue Pill, megahezi 72, flash kilobaiti 64, Nano yenu iko 16 na 32. Bei karibu moja.

---

fundi_ibanda (Bukavu)

Hatujakusahau kaka, leta mstari yako uongeze ku karte.h, ni ARDUINO_ARCH_STM32. Lakini useme pia ukweli: nyingi za soko haziko na chip ya kweli ndani, na zingine rezistansi ya USB ni 10k pahali pa 1.5k, ordinateri haiioni. Mwanzaji bila ST-Link, kile kifaa cha kuingiza kodi, atalia. Mimi kwa mwanzaji sasa naonaka Pico, ilipotoka 2021 ilikuwa dola 4 kule inatoka, unabonyeza BOOTSEL unachomeka, inakuja kama flashi unavuta fayili ndani. Huku kwetu ikifika dola 4 haiko tena 4, ile tunajua wote.

---

boot_zero (Lubumbashi)

Ya rezistansi ni kweli, niliibadilishaka mwenyewe. Ya chip sitaki kuzungumza. Mstari naleta kesho.

---

prof_wa_zamani (Bukavu)

Vijana nawasoma na nafurahi. Sisi tulianza na PIC16F84, chip ya zamani, programateri tulijichomelea wenyewe, kodi tulipeana ku karatasi na mutu alikuwa anaficha hesabu moja makusudi ili urudi kumulipa. Neno moja tu: maelezo muandike mu Kiswahili ao Kifaransa? Mu shule wanajifunza kwa Kifaransa.

---

fundi_ibanda (Bukavu)

Muzee shikamoo. Mimi nasema lugha ile mutu anaweza elezea bila kusimama kufikiri. ESP8266 ilipotoka 2014 karatasi zake zilikuwa za Kichina, watu wakakaa wakatafsiri kidogo kidogo, 2015 ikawa iko mu Arduino kama karte ingine yoyote. Hakuna mutu aliwaambia mungoje ije ya lugha yenu. Ukiandika Kifaransa, kuna mutu hapa atageuza. Usipoandika kitu hatuna cha kugeuza.

Na wale wa kuficha hesabu bado wako muzee. Wengine wanatoa jina yako wanaweka yao. Wekeni juu mstari ya leseni, ata MIT: chukua, uza, lakini jina ya mwenyewe ibaki. Ukitaka aliyebadilisha na kuigawa aachilie na yeye kodi yake, weka GPL.

---

kadogo_panzi (Bukavu)

Mukubwa jambo, nimesoma yote mbele ya kuandika. Mimi njo nilikutumiaka ile foto ya ekra na dirisha, nisamehe.

Sasa vile uliomba:
Karte ni Nano ya kopi, chip ya USB ni CH340, dereva nimeweka, inaonekana COM5. Arduino IDE versio 2. Kodi ni ile Blink ya mfano, ya kuwasha na kuzima taa, sijaweka kitu changu. Waya hakuna, ni karte tupu. Kabo nimebadilisha mbili, moja ilikuwa ya chaji tu. Inakompaili, lakini kutuma inaandika mara kumi:

stk500_getsync() attempt 10 of 10: not in sync: resp=0x00

---

fundi_ibanda (Bukavu)

Wewe mutoto nimekusamehe kwa hii mesaji. Nenda Tools, Processor, chagua ATmega328P (Old Bootloader). Nano nyingi za kopi ziko na butloda (programu ndogo ndani ya karte yenye kupokea kodi) ya zamani inaongea mwendo wa 57600, IDE inaiongelesha 115200, hawasikilizani.

---

kadogo_panzi (Bukavu)

INAWAKA

inawaka inazima inawaka!!! wiki tatu mukubwa!

---

fundi_ibanda (Bukavu)

Sasa geuza kichwa ya mesaji yako iseme "Nano ya kopi, not in sync, IMEISHA: butloda ya zamani", wa kesho akitafuta aikute. Mimi natafuta DS3231 hapa Nyawera, kama kuna mutu anajua duka yenye haiuzi zile za kuvimba aniandikie mbele ya jumamosi.